Muhuri Uliokaa Upande

"Zunguka mji mzima, mkuu," Brashi alisema, kifua mbele, "hutapata mchora mabango mwenye vibali vilivyokamilika kama vyangu."

Mkaguzi alikuwa na kufuli mkononi, kubwa, jipya, la kufungia milango ya watu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamfungia mpiga picha wa jirani na mshona mapazia wa kona. Brashi na dada yake, aliyekata herufi na kupokea wateja, walikula kwa mlango mmoja wa karakana yao. Ukifungwa, basi tena.

Ofisi ile ya vibali! Imejaa watu wasioweza kupiga mstari ulionyooka hata kwa rula, halafu ndio wanaotoa ruhusa ya kuchora. Kibali cha kuchora bango. Kibali cha kulitundika. Cha kuhifadhi rangi, utadhani ni baruti. Cha kuwasha redio kazini, maana mteja anaweza kusikia wimbo akaburudika bure, na hilo ni kosa kubwa. Kila mwaka vyote upya, na kila mwaka kuna kingine kimezaliwa. Mchoraji akivilipia vyote, rangi atanunua na nini? Achore kwa mate?

"Na bado nimetimiza," Brashi alisema, akionyesha ukuta. Vibali vilijipanga ndani ya fremu za mbao zisizo na vioo. "Kila kimoja kimenitoa jasho."

"Hilo ni kweli," dada yake akasema, macho kwenye mkasi.

Mkaguzi alisogea. Herufi zilisimama wima kama askari wa gwaride. Mihuri ilikuwa mviringo kamili, yenye wekundu wa kung'aa. Akanyoosha kidole.

"Usiguse, mkuu. Vidole vina mafuta."

Mkaguzi akakirudisha kidole upesi, kama mtu aliyekemewa na mkwewe. Alikuwa mgeni kazini, bado anaheshimu karatasi. Akapita akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kibali cha mwisho, kilichobandikwa nyuma ya mlango, kando ya kalenda ya zamani. Karatasi ya kijivu. Maandishi yanapanda na kushuka. Muhuri umekaa upande, na ukingoni umemeguka kama biskuti iliyong'atwa na panya.

"Hiki ni feki," akasema.

"Kipi?"

"Hiki cha redio. Bwana mdogo, umeghushi, tena umeghushi vibaya. Hata mtoto hadanganyiki na takataka hii." Akakibandua. "Lakini kwa kuwa vingine vyote ni safi, sikufungii. Nakichukua, utakata kingine, yameisha."

Kufuli likarudi mfukoni. Dada akashusha pumzi. "Asante sana, mkuu. Kazi njema."

Brashi hakushusha kitu. Masikio yalimwaka moto.

"Takataka?"

"Kaka, mkuu ameshamaliza."

"Hajamaliza! Mimi? Kwa mkono huu? Mimi ningeghushi, muhuri ungekaa upande namna hiyo? Herufi zingelala kama walevi? Hiki kimetoka kwenu! Nilipanga foleni mpaka miguu ikavimba, nikapewa uchafu huu, nikaona haya hata kuutundika mbele za watu!"

Dada akamkanyaga mguu.

"Usinikanyage! Ofisi si hiyo hapo ng'ambo ya barabara? Aitwe yule mama wa dirishani, mwenye miwani. Ndiye aliyegonga muhuri huu. Aje aseme hapa hapa nani anajua kazi na nani hajui!"

Mkaguzi akatoka kumwita. Dada, bila kuulizwa na mtu, akaanza kukusanya brashi na kuzitia kwenye mfuko.

Mama wa dirishani alikuja na kikombe chake cha chai. Akashusha miwani puani, akaitazama karatasi ya kijivu.

"Halali," akasema. "Muhuri wetu huu. Ulianguka ukameguka, tumeomba mwingine mpaka tumechoka. Nakumbuka nilivyougonga, kijana akanung'unika."

"Umesikia?" Brashi akamgeukia mkaguzi, kifua kimerudi mahali pake. "Niombe radhi!"

Mama alikuwa ameshafika ukutani. Alipita fremu moja, ya pili, ya tatu, akinywa chai yake na kutabasamu kama aliyealikwa kwenye maonyesho.

"Vizuri kweli," akasema. "Hivi umevipata wapi, mwanangu? Vyote hupita mkononi mwangu, na kwangu ulikuja mara ile moja tu."

Mkaguzi akanyoosha tena kidole, akagusa muhuri kwenye fremu ya karibu. Safari hii hakuna aliyemkataza.

Kidole kilirudi chekundu.