Ukuta Unaocheka

Sheria ilikataza mke na mume kugombana kwa maneno yao wenyewe. Waligombana kwa vichekesho vya mapenzi vilivyotoholewa kutoka tamthilia za kale, na baada ya kila mzaha ukuta wa sebuleni ulicheka. Mwanatumu ndiye aliyekuwa akivitohoa na kuviandika vichekesho hivyo, na jioni hii damu ilikuwa inamchemka.

Mumewe, Shekue, hakuja kumzika mama mkwe wake. Sasa alikuwa amepiga goti mlangoni, amejitanda kanga ya marehemu, akijifanya mjakazi aliyetumwa na bwana mtoro. Mwanatumu aliujua mchezo huo, aliuandika mwenyewe.

"Bwana wangu kapotea njia, bibie. Uzuri wako ulimtia kiwi cha macho."

Ukuta ukacheka.

"Vua kanga ya mama," Mwanatumu alisema. "Halafu niambie kwa maneno yako mwenyewe. Kwa nini hukuja kumzika?"

Shekue aliivua kanga. Akafungua kinywa, midomo ikacheza, lakini hakikutoka kitu. Akamtazama mkewe kama anayengoja kukumbushwa.

"Hapo, mke wangu," akanong'ona, "hukuniandikia kitu."

Ukuta ukacheka kuliko siku zote.