Nafasi ya Besi

Clémence alisimama mlangoni pa kanisa lao la Kadutu, ameikumbatia kanzu ya kwaya ya mume wake. Tangu vita vifunge barabara ya Kamituga, alikokwenda mume huyo kuchimba dhahabu, hakukuwa na habari yake hata moja. Lakini kila Jumamosi Clémence aliifua ile kanzu, akaipiga pasi ya makaa, kola mara mbili, kama mwenyewe alivyopenda.

Kiongozi wa kwaya alinyoosha mkono bila kumtazama usoni. “Maman, pole. Tumepata muimbaji mupya wa besi, na hana kanzu.”

Vidole vya Clémence vikaanza kulegea. Mama mkwe wake, aliyesimama kando yake, akavishika.

“Njia yenye sisi hatuone, Mungu anaionaka,” alisema. “Mutoto wangu bado iko njiani. Usipeane nafasi yake.”

Akamvalisha ile kanzu papo hapo, akamkunjia mikono ya kanzu iliyozidi.

“Lakini mama, mimi naimbaka soprano, sauti ya juu!”

“Leo utaimba yenye Mungu atakupa.”

Kule mbele, kwenye safu ya nyuma ya kwaya, wanaume wa besi, wenye sauti nzito, walitazamana. Mmoja akasogea kidogo, halafu jirani yake, mpaka pengo likafunguka, upana wa mtu mmoja.

Clémence akainua pindo lisimkwaze, akapanda mpaka kwenye lile pengo.