Hapa Pana Picha

Katika chuo cha mji mmoja, Bi Zamzam ndiye aliyegeuza vitini vya masomo kuwa nukta nundu, vya kusomwa kwa vidole. Maneno aliyapiga yote. Akifika kwenye picha, aliandika "Hapa pana picha", akaacha nafasi, akaendelea. Kazi ilikuwa nyingi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Asubuhi moja Tunu, mwanafunzi mpya asiyeona, aliingia na kitini cha zamani, akakifungua mezani.

"Shikamoo, Bi Zamzam. Aliyesoma hiki kabla yangu alikuwa akitafuta nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Wapi?"

Tunu akaushika mkono wa Bi Zamzam, akauweka hapo. Chini ya maneno yale matatu, karatasi ngumu ilikuwa imelainika kama kitambaa, nyeusi kwa jasho la vidole, inakaribia kutoboka.

Bi Zamzam alikaa. Kilikuwa kitini cha Mbaruku, mwanafunzi asiyeona aliyemtangulia Tunu. Mwaka jana swali la mtihani lilitoka kwenye picha hiyohiyo. Mbaruku alirudisha karatasi tupu, akachukua fimbo yake nyeupe, akaondoka, na hadi leo hata mama yake hajui aliko.

Akaitafuta picha katika kitini cha wanaoona, akaivuta mashine yake ya nukta.

"Ni mto," alianza. "Unagawanyika mara tatu kabla ya kufika baharini."

"Ngoja kidogo," Tunu alisema. Alikuwa amerudisha kidole kwenye ile nafasi. "Pana joto hapa. Ni wewe umeweka mkono?"

Mikono ya Bi Zamzam, yote miwili, ilikuwa juu ya mashine.