Nyumba za Magurudumu Uwanja wa Ndege

Sheria iliruhusu watu wakae kwenye njia ya kurukia ndege, mradi nyumba ziwe na magurudumu na zisogezwe kando king'ora kinapolia. Siku hiyo kililia kwa mara ya nne. Mghoi alikuwa akisonga ugali, mgongo ukimuuma.

"Baba Wakesho, twende tukasukume."

Mumewe hakuinuka kitandani. "Majirani wametoka?"

Mghoi alichungulia dirishani. "Hakuna aliyetoka."

"Basi tule kwanza."

Ndege ya kubeba wagonjwa ilizunguka juu yao mara tatu, kisha ikarudi ilikotoka. Walikula. Baadaye jirani alibisha hodi, akauliza kwa sauti ya chini kama wanajua ndege ile ilikuwa imekuja kumchukua nani.