Ukurasa wa Saba

Ukurasa wa saba haukuwa na neno hata moja, ila mstari wa saini chini kabisa.

"Weka saini tu, dada," afisa wa mikopo alinong'ona. "Riba nitaijaza mwenyewe baadaye. Wenzako wote hufanya hivyo."

Binti alijua kwamba riba isiyoandikwa leo ingewatafuna yeye na mumewe miaka ishirini. Alijua pia kwamba mwenye nyumba waliyotaka kuinunua alikuwa na mnunuzi mwingine, na ahadi yao ilikuwa inakwisha jioni hiyo hiyo. Akashika kalamu.

"Mama naye," afisa aliongeza, akimwonyesha mama wa binti aliyeketi kando. Malipo ya kwanza ya nyumba yalitokana na kuuzwa kwa kiwanja cha mama, kwa hiyo jina lake lilikuwamo katika mkataba.

"Ati?" Mama alitega kiganja sikioni.

"Hasikii," binti alieleza kwa aibu. "Mwaka wa tatu sasa."

"Weka saini hapa, mama!"

"Ongea kama mtu aliyeshiba, baba. Niweke nini?"

Afisa alivuta pumzi, akapaza sauti kama dalali mnadani. "Saini! Kwenye ukurasa mtupu! Riba nitaijaza mimi baadaye!"

Foleni ikageuza shingo. Mlango wa kioo ukafunguka, meneja akatoka na kikombe chake mkononi.

"Riba gani hiyo unayoijaza baadaye?" aliuliza kwa upole.

Kabla chai ya meneja haijapoa, ukurasa wa saba ulikuwa umechapwa upya, riba imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Binti aliusoma mara mbili, akatia saini. Mama akafuata, taratibu, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule.

Kwenye ngazi za nje binti alimpigia mumewe. Hakuona haja ya kusogea pembeni.

"Tumeipata! Bi mkubwa katuokoa, wala mwenyewe hajui. Sasa tumpe chumba kipi?"

Sauti ya mume ilitoka nyembamba ndani ya simu iliyobanwa sikioni. "Kile cha nyuma, kisicho na dirisha. Kiziwi anataka dirisha la nini?"

Binti akacheka.

Mama alikuwa ametangulia kushuka, mkono kwenye reli. Hakugeuka.

"Mwambie hicho atalala yeye," alisema. "Mimi asubuhi napenda kusikiliza ndege."