Kibali cha Saa Mbili

Tereza aliitua mashine ya kutafutia chuma juu ya meza ya Bwana Enoka, juu ya mafaili yake yote, kalamu ikaruka hadi sakafuni.

"Ondoa chuma chako, mama."

"Nitakiondoa ukinipa karatasi."

Afisa huyo alikuwa amemzungusha mwezi mzima. Kibao kilichosimikwa ufukweni Makoko kilisema ni marufuku kutafuta chuma bila kibali, kwa sababu watu walikuwa wameuvuruga mchanga wakisaka fedha za Wajerumani. Tereza hakutaka fedha za Wajerumani. Alitaka rafadha, ile shaba yenye mabawa matatu inayosukuma mtumbwi wa injini. Mtumbwi ulikuwa wa kijiji cha ujamaa, na mumewe, Alfonce, ndiye aliyeuendesha. Rafadha ilipotoweka, Alfonce alisema imechomoka kwenye maji ya magotini, pale pale Makoko, ambako sasa ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Mahakama ikasema ameiuza kwa magendo, ikamfunga miaka mitano. Rafadha ikionekana, anatoka.

"Nilikutuma Bunda kwa bwana wa madini," Enoka alisema.

"Nimekwenda. Kanirudisha kwako."

"Na muhuri wa tawi la chama?"

"Mwenyekiti alikuwa msibani Butiama. Nimemfuata huko huko. Kaugonga juu ya goti lake, watu wanalia." Akaitupa barua mezani. "Haya, sema kingine. Sema nilete cheti cha ubatizo cha sato."

Karani wa pembeni alicheka, akanyamaza Enoka alipomtazama.

"Mama, unajitesa bure. Jumatatu wanajeshi wanakuja na mashine zao, watapita ufuko mzima. Kama ipo, wataipata. Wewe nenda gerezani ukampe moyo. Umeshakwenda kumwona?"

"Sina nafasi." Aliisukuma barua karibu na Enoka. "Na Jumatatu ni mbali. Tuliambiwa nchi hii ni yetu. Mbona mchanga wa kusugulia sufuria tunauomba kwa barua? Mtu anaumia, nyie mnatafuta muhuri. Mtu anakufa, mnatafuta muhuri. Leo sitoki hapa."

Enoka akavuta kitabu cha vibali.

"Unampenda sana mumeo."

Tereza alikuwa ameinama kuokota kalamu. Akamkabidhi.

"Andika," alisema.

Kibali kilikuwa cha muda wa saa mbili tu, Ijumaa asubuhi, chini ya ulinzi wa mgambo.

Mgambo huyo, Kwangu, alikaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, bunduki mapajani. "Alfonce alioa kweli," alisema. "Mimi nikifungwa leo, wangu kesho kaolewa."

Tereza alivaa spika za masikioni, akaiinua mashine aliyoazimwa na mjomba wake Florian, aliyeinunua ikiwa chakavu mgodi ulipofungwa. Ilimlemea, mkono wake wa kushoto ulikuwa haunyooki tangu usiku wa Pasaka ya mwaka juzi. Alikwenda mstari kwa mstari kama anayepalilia pamba. Alichimbua misumari, vizibo vya bia, makopo ya maziwa, akavitia vyote kwenye karai. Kila alipoinama, Kwangu aliita, "Ndiyo yenyewe?"

"Kopo."

Zilibaki dakika ishirini. Jua lilikuwa limeanza kuuma, na alikuwa akimlaani Enoka, na Bunda, na kila aliyewahi kushika muhuri, mashine ilipolia mpaka akafumba macho. Alipiga magoti, akimpa Kwangu mgongo, akachimba kwa mikono hadi viwiko vikazama. Bawa moja lilitokea. La pili. La tatu, limeota kutu ya kijani.

"Ndiyo yenyewe?"

"Kopo," Tereza alisema.

Aliilaza rafadha karaini, chini ya makopo, akaingia ziwani na karai kama anayekwenda kulisuuza. Alikwenda mpaka maji yakamfika kifuani, pale mwamba unapokatika na kina kinapoanza. Hapo akaiachia.

Nyumbani, wanawe wawili walikuwa wamekaa kimya nyuma ya mlango, kama walivyozoea baba yao alipokuwepo.

"Baba anarudi?" Nyangi, yule mdogo, aliuliza.

"Harudi."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Watoto walitazamana. Kisha wakatoka mbio kwenda kucheza.