Kanga ya Stumai

Wanawake wa kiwandani waliwaacha watoto wao kwa Bi Mwanashehe, na kila mmoja alimwachia mwanawe kanga aliyojifunika usiku, ili mtoto alale na harufu ya mama yake. Chama cha akina mama kilianza hivyo, kwa chumba kimoja na kanga zisizofuliwa.

Siku boila la kiwanda, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, lilipopasuka, Stumai, mmoja wa akina mama hao, hakurudi kumchukua mwanawe Hadia. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipofunikwa kanga ya mama yake alinyamaza, akalala ameing'ang'ania.

Asubuhi Fidea, msaidizi aliyejiunga na chama juma lile, aliiona kanga ile ina jasho na madoa ya maziwa. Mtoto akiwa bado usingizini, akaichomoa taratibu, akaifua kwa sabuni na kuianika uani.

Bi Mwanashehe alipofika alisimama mbele ya kamba.

"Umeifua?"

"Ndiyo, bibi. Ilikuwa chafu, nikamwonea mtoto huruma. Yaliyompata yanamtosha."

Bi Mwanashehe aliinusa pembe moja ya kanga, kisha nyingine, akaenda nazo mpaka zikamwishia.

"Mama yake alikuwa amebaki humu," alisema.

Ndani, Hadia aliamka akaanza kulia.

Beseni lilikuwa bado pale chini ya kamba, na maji ya kijivu yamo, povu likipasuka kidogo kidogo. Wote wawili waliyatazama. Hakuna aliyethubutu kuyamwaga.